Moyo Huazima Sauti

Wapendwa, jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile lilikuwa ubishi juu ya pilipili.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa baiolojia na mkewe. Jumamosi asubuhi jumuiya ilisali kwao. Mke, kama ilivyo desturi yetu kwa mama mwenye nyumba, aliwapakulia wote, kisha akala wa mwisho, amesimama jikoni. Wageni walipoanza wimbo wa kufunga, akaweka mkono kifuani.

"Kinawaka," akamwambia mumewe. "Kiungulia."

"Si nilikuambia mchuzi una pilipili nyingi?"

"Pilipili aliweka dada yangu. Mseme yeye, kama unamweza."

"Simwezi. Ngoja nikukorogee magadi."

Akanywa, akacheua, wakacheka wote wawili. Akasema amepata nafuu. Lakini paji la uso lilikuwa na jasho, na asubuhi ile kulikuwa na baridi. Tena alikuwa akibonyeza taya. "Hata jino nalo limechagua leo," akasema.

Mume akataka kumwita jirani mwenye gari, aliyekuwa sebuleni na wenzake.

"Watu wamefumba macho, mwalimu. Utawakatiza sala kwa ajili ya kiungulia? Uso wangu nitauficha wapi?"

Wakasubiri. Sala ya mwisho ilikuwa ndefu. Kabla ya "Amina" mke alianguka, na hakuamka tena.

Niwaulize, mume yule alikosa elimu? Kwa miaka ishirini alikuwa amechora moyo ubaoni, vyumba vyake vinne, damu inapoingia na inapotokea. Asichokijua alielezwa na daktari mchana ule, kwa upole.

"Mwalimu, moyo ukiumia, mara nyingi hausemi uko wapi. Mishipa yake ya fahamu huingia kwenye uti wa mgongo pamoja na ya viungo vingine, na ubongo hushindwa kujua nani anaita. Kwa hiyo moyo huazima sauti. Huweza kusema kwa tumbo, kwa taya, kwa bega, kwa mkono."

Ajabu iliyoje! Kiungo chenye ukubwa wa ngumi, kilichoanza kupiga kabla mama yako hajajua kwamba upo, hakijawahi kuomba likizo. Na siku kinapolia, kinalia kwa sauti ya jino. Mume yule alisimama ukumbini mwa hospitali akistaajabu, kabla hajalia.

Sisi je? Sisemi kila kiungulia ni kifo. Mara nyingi kiungulia huja baada ya kula, hupanda kooni na uchachu, huzidi ukiinama au ukilala. Lakini kifua kikibanwa, jasho baridi likitoka, pumzi ikiwa fupi, kichefuchefu kikija, maumivu yakienda taya, mgongo au mkono, usijipime mwenyewe jikoni. Hata ukicheua ukapata nafuu, nenda hospitali. Katiza sala. Au tunadhani Mungu aliyeuumba moyo huo angependa kwanza tumalize wimbo?

Kesho yake asubuhi uani kwa mwalimu kulijaa watu. Kwetu mfiwa hukaa kwenye mkeka akapewa pole, hainuki. Yeye aliinuka. Akaenda kwa akina mama waliokuwa wakipika, akauliza, "Nani kati yenu ana kiungulia?"

Wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba msiba umemzidi. Kisha bibi mmoja wa jirani akainua kijiko chake.

"Mimi, mwanangu, tangu jana. Lakini leo si siku yangu ya kuugua."

"Ndiyo siku yako, mama. Twende."

Akampeleka hospitali, bibi akiwa bado na aproni. Wakampima damu, wakamwekea nyaya kifuani, wakampima tena. Baada ya saa kadhaa daktari akatoka.

"Ni kiungulia tu."

Bibi akajifunika uso kwa kanga. "Jamani, baba! Nimekutoa msibani kwa kiungulia!"

"Asante, mama," mwalimu akasema. "Asante sana." Akamshika mkono, akamrudisha hadi mlangoni kwake, ndipo akarudi kukaa kwenye mkeka.