Darasa Ambalo Halijakabidhiwa

Hapo zamani, serikali ilipotangaza kwamba kila mtoto aende shule, madarasa yaliota vijijini kama uyoga. Madarasa ni matofali, yanaota. Mwalimu haoti, mwalimu hufundishwa, tena hula. Basi kijiji cha Mwamalole kikapata shule nzima na mwalimu mmoja, Mwalimu Lubasha, mzee mwembamba mwenye kikohozi. Watoto walibanana kama dagaa, naye akawafundisha hivyo hivyo mpaka kikohozi kikammaliza.

Kule kwao maiti haagwi kimya. Kila mtu husogea kaburini akamwomba jambo, na wenye akili huomba mvua. Nyanzala, mjane mwenye binti mmoja tu, Minza wa darasa la kwanza, alilia akasema, "Mwalimu, usiwaache watoto mpaka aletwe mwingine."

Wazee wakaitikia, "Usiwaache!"

Hakuna aliyejiuliza kama anasikia.

Jumatatu watoto wakaenda shule bila kutumwa na mtu. Nyanzala alipopita na ndoo yake akawasikia, "Ba, be, bi, bo, bu." Akachungulia dirishani. Kiti kitupu. Ubaoni chaki inatembea yenyewe, taratibu, inasita pale ambapo mzee angekohoa, kisha inaendelea.

Kijiji kilifurahi, ndiyo, kilifurahi! "Mwalimu hali, hadai likizo," alisema mwenyekiti. "Tutake nini tena?" Cha bure hicho, nani akinuse?

Lakini Minza alirudi nyumbani na mikono baridi kama mtungi. Kusoma alisoma, hata gazeti lililofungiwa sukari alilisoma. Kucheza hakucheza. Ukimwita, anageuka polepole na kukohoa kikohozi cha mzee.

"Kula, mwanangu."

"Mwalimu hali," akajibu Minza.

Tangu hapo Nyanzala alishinda mlangoni mwa darasa. Masomo yakiisha watoto hawakutoka. Yeye ndiye aliyeingia akawatoa mmoja mmoja, akiwashika mkono. Wazazi wengine walikuwa na shughuli. Shughuli gani, sijui.

Ikafika zamu ya serikali kuajiri walimu kwa wingi, wakashushwa vijijini na malori kama magunia ya mbegu. Mwamalole wakashushiwa wawili: Mwalimu Lusekelo, kijana wa viatu vya kung'aa, na Mwalimu Generosa, mwanamke wa kifua mbele. Watu wakasema, haya, mwingine ameletwa, yamekwisha.

Hayakwisha. Lusekelo aliishika chaki, ikamvunjikia vidoleni, na watoto hata hawakumtazama. Mwingine angekimbia mpaka wilayani. Yeye akaketi dawati la nyuma, akasoma nao kama mtoto, akajua wamefika wapi, na nani yuko nyuma. Mikono yake ikapoa. Kikohozi kikamwingia.

Generosa alipomsikia akikohoa, na wazee wakamsimulia walivyomwomba Lubasha huku wakimlaumu, akawaka. "Mnamlaumu marehemu bure! Mlimwomba, hakuna aliyempokea. Mwalimu haachi darasa bila kukabidhi." Akaenda kaburini mchana kweupe, akasema, "Mwalimu Lubasha, mimi Generosa nimeajiriwa. Tumefika. Kabidhi, upumzike."

Darasani ikasikika pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo. Kiti kikajisukuma chini ya meza. Juu ya meza ikabaki chaki moja, nzima.

Watoto wakasimama wote kwa mpigo, wakageukia mlango. Na mwanafunzi akisimama haketi mpaka mwalimu wake amwambie. Mlangoni wako watatu: Lusekelo, Generosa aliyetoka kaburini, na Nyanzala.

"Darasa langu," alisema Lusekelo huku akikohoa. "Mimi nimekaa na marehemu. Mimi ndiye ninayejua waendelee wapi. Nimelipa kwa kifua changu."

"Kaka, ungekohoa mpaka ukamfuata," alisema Generosa. "Nimemwambia kabidhi, akakabidhi. Alimjibu nani kama si mimi?"

Nyanzala akasogea kizingitini. Akamwona Minza mstari wa mbele, midomo imebadilika rangi.

"Nilimfunga mimi kwa ombi langu, sikatai," akasema. "Lakini nyie mlipokuwa hampo, nani aliwatoa humu? Watoto hawa wanaujua mkono wangu. Na la saba nimemaliza."

"Huna cheti, mama," alisema Generosa.

"Na yeye cheti cha kufundisha akiwa kaburini alikipata chuo gani?"

Kule ndani kiti kilikuwa kimeanza kutoka chini ya meza, kidogo kidogo, kama Mwalimu Lubasha anarudi kwa sababu hakuna aliyempokea. Minza akakohoa.

Haya, nyie mnaosikiliza, jibuni upesi, watoto wamechoka kusimama. Chaki ni moja. Je, nani aliyestahili kuichukua, akawaambia, "Kaeni"?