Muhanga na Mwaka wa Masoko Kulala

Nikisema paukwa, semeni pakawa, na walio nyuma niwasikie! Paukwa!

Hapo zamani za kale palikuwa na Muhanga, mama wa watoto watatu. Kazi yake ilikuwa kuchimba viazi vikuu. Mwaka huo viazi vilijaa mpaka mlangoni.

Akaenda gulioni. Akamwambia Ngiri, mkulima wa pamba, "Nunua viazi, bwana."

"Nitanunua na nini, mama? Ng'ambo hawataki pamba. Masoko ya dunia nzima yamelala."

Akaenda kwa Kima, muuza chumvi. Kima akasema, "Chumvi sikuleta. Nani anunue?"

Muhanga akashika kichwa. "Jamani! Viazi vyangu vinaoza, na Ngiri analala njaa. Hii ni akili gani?"

Gulio la pili, akakuta Ngiri na Kima wanapigana, marafiki wa toka utotoni. Wanagombea nini? Ganda la ndizi!

Gulio la tatu, Fisi akapanda juu ya kichuguu. "Walioleta balaa nawajua! Ni mbayuwayu, wageni hawa! Nipeni uchifu niwafukuze!"

Wote wakashangilia. Muhanga akapaza sauti, "Mbayuwayu anakula mbu tu! Amekunyima nini?"

"Kaa kimya, we mama!" watu wakamzomea.

Fisi akapewa uchifu, mbayuwayu wakafukuzwa. Mbu wakazidi, wakazidi, wakazidi. Homa ikamchukua kitindamimba wa Muhanga.

Matanga hayajaisha, Chifu Fisi akatuma askari. "Leteni vyakula vyote ghalani kwangu, nivigawe kwa haki." Wakapeleka. Wakangoja. Hakikugawiwa hata kiazi kimoja.

Muhanga akasema, "Basi, nimechoka!" Akachimba. Akachimba chini ya ukuta wa ghala, akachimba mpaka ukuta ukaanguka mbele ya watu wote. Ndani, Fisi na askari wake wanatafuna, matumbo kama ngoma!

Fisi akakimbia porini, mkia katikati ya miguu, mawe yakimfuata.

Muhanga akamgeukia Ngiri. "Chukua viazi. Hiyo pamba isiyotakiwa ng'ambo, nifumie nguo. Nawe Kima, lete chumvi, viazi hivi hapa. Au mpaka niwafundishe na kula?"

Wakaona haya. Gulio likaamka, polepole. Lakini yule mtoto hakuamka.

Basi wanangu, shida ikienea duniani, msimtafute mgeni wa kumlaumu. Shikaneni na jirani, na mtazameni vizuri anayeomba funguo za ghala.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye masikio aibebe kwao.