Mlima Uliodai Kanzu

Hapo zamani, wafalme walipokuwa wengi kuliko kazi zao, alikuwako Sultani Harithi, mtu wa kupenda jina lake kupita kiasi. Alikwisha kuupa mji jina hilo, na kisima, na hata punda wake. Ikawa siku moja akautazama mlima wa mbali, ambao hakuna aliyewahi kufika kileleni mwake, akatangaza barazani: "Tangu leo, ule ni Mlima Harithi."

Watu wote wakainama. Fukara mmoja, Mbaruku, akacheka.

"Umecheka?" akasema Sultani. "Basi nenda wewe ukaupe jina langu, uniletee jibu kwamba mlima umelikubali. Siku saba zikipita bila jibu, nitakukata kichwa."

Mbaruku akaondoka upesi, maana kichwa alikuwa nacho kimoja tu. Akafika kwa dada yake chini ya mlima, akamkuta anamvika mjukuu wake mchanga kanzu mpya.

"Mbona humwachii mama yake?" Mbaruku akauliza.

"Ala! Mtoto nimempa jina langu. Nisipomvika mimi somo wake, kwa mkono wangu, jina halishiki. Umesahau desturi zetu wewe!"

Mbaruku akacheka tena, akala, akalala, wala mlimani hakupanda hata hatua moja.

Siku ya saba akarudi barazani. "Seyyidi yangu, mlima umekubali, tena kwa furaha."

"Umesemaje?"

"Umesema: 'Nisalimie somo wangu, umwambie baridi inanitafuna. Aje anivike kanzu, jina lishike.'"

Basi Sultani, ambaye ngazi za roshani tu zilimtoa pumzi, akamwita mshonaji wake.

"Vitambaa vya mji mzima, Seyyidi," mshonaji akasema, "havitoshi mkono mmoja."

Sultani akawaka. "Mwongo mkubwa! Tangu lini mlima ukasema?"

"Hausemi, Seyyidi?" Mbaruku akauliza kwa unyenyekevu. "Basi nilitumwa jibu la nani? Na kama unasema, kanzu yake i wapi?"

Sultani akatazama kushoto na kulia, akaona mawaziri wanajiuma midomo. Akashindwa kujizuia, akacheka hata kilemba kikamwanguka.

"Kichwa chako nimekuachia, na ng'ombe wawili nakupa. Jina langu nalitwaa tena."

Ikawa watu wakauita mlima ule Kisovikwa, yaani kisichovikwa nguo. Na wageni walipomwuliza Sultani sababu ya jina hilo, alijibu kwamba yeye si mwenyeji wa kule.