Bi Lubaba na Maji ya Kuoshea

Wametusimulia waliopokea habari za waja wema kwamba katika mji mmoja wa bondeni aliishi mwanamke mchamungu, Bi Lubaba, aliyekuwa akiwaosha wanawake wanapofariki. Mafuriko yakashuka kutoka milimani, yakawachukua wanawe wawili mbele ya macho yake, na miili yao haikuonekana tena. Tangu hapo, akisikia tu maji yakimiminwa, moyo humwenda mbio na pumzi humkata. Akaacha kutawadha kwa ajili ya swala, akawa anatayamamu kwa udongo badala ya maji, na watu akawaambia kwamba mikono yake ina vidonda. Aliona haya, maskini, akidhani kuogopa ni upungufu wa imani.

Ikawa Salwa, binti wa jirani, amefariki akijifungua, na hapakuwa na mwanamke mwingine mjini aliyejua kuosha maiti. Mama wa marehemu, Bi Hamama, akaja mwenyewe mlangoni.

“Mwanangu amelala anangoja, Bi Lubaba. Nisitirie.”

Uongo wa vidonda ulikuwa tayari ulimini. Lakini kumwacha binti yule azikwe bila kuoshwa kulimtisha kuliko maji. Akaifunua mikono yake.

“Haina vidonda, dada yangu. Nimekudanganyeni. Naogopa maji tangu yaliponichukulia wanangu.”

Bi Hamama, naye na msiba wake mbichi, hakumlaumu. Akaishika ile mikono. “Basi nitamimina mimi, kidogo kidogo. Ukisema basi, nitasubiri.”

Subhanallah, aliyefiwa ndiye aliyemsubiri mwenzake.

Wakaanza upande wa kulia, kwa maji ya majani ya mkunazi. Lubaba akasema basi. Bi Hamama akauinua mtungi, maji yakakoma. Lubaba akavuta pumzi, wakaendelea. Alipofika kwenye vidole vya Salwa, yakamtoka machozi ambayo hakuyapata hata siku ya wanawe, na mikono yake haikuacha kuosha.

Baada ya mazishi, alipotaka kuswali, aliosha kwa maji viganja vyake tu, viungo vilivyobaki akavitimizia kwa udongo. Akasema, “Mola wangu, leo nimefika hapa.”

Ndugu zangu, tungependa kusikia kwamba hofu ilimtoka siku ile. Haikumtoka, aliishi nayo mpaka uzeeni, na siku nyingine alirudi kwenye udongo mtupu. Lakini hakuificha tena, na twataraji kwamba Mola aliyeuumba moyo ule alizipokea swala zake zote, za maji na za udongo.