Kuku wa Chini ya Kitanda

Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, bila shaka walikuwa wamekwisha kujikuna vya kutosha. Mtu akiumwa hutazama mbali. Hulaumu nyasi, hulaumu mbu, hulaumu mgeni aliyepita jana. Nguo aliyoivaa haikagui, kwa sababu ndiyo inayompa joto. Watu wa kijiji kimoja karibu na Kiptere, katika nchi ya majani chai, walijifunza maana ya maneno hayo mwezi wa Julai, na nusura wajifunze wakiwa wamekwisha kumwangamiza mtu asiye na hatia.

Aliyekufa aliitwa Kipkurui, mkulima wa chai na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alikutwa asubuhi kitandani, amekauka, blanketi limemfunika hadi kidevuni. Kando ya kitanda kilisimama kibuyu cha mursik, yale maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet. Aliyeyatayarisha ni mkewe, Marcella Nyabate. Marcella alikuwa mzaliwa wa Kisii. Alikuwa ameolewa pale muda mrefu hata akakisema Kipsigis bila kukwama, lakini siku hiyo watu walikumbuka ghafla kwamba ni mtu wa kuja. Tena usiku ule hakulala na mumewe. Kipkurui alikuwa na mafua makali, naye Marcella akamchukua mtoto wao mchanga, wakalala kwenye nyumba ya jikoni ili asiambukizwe. Hilo nalo likageuzwa kuwa ushahidi.

"Kwa nini alitoka kwa chumba siku hiyo hiyo?" aliuliza Weldon, mdogo wake marehemu, huku machozi yakimtiririka. Ni yeye aliyekibeba kibuyu mpaka kituo cha polisi. Kabla jua halijatua Marcella alikuwa korokoroni, na mtoto akabaki kwa wakwe akilia hadi sauti ikamkauka. Masikini, hata hakupewa nafasi ya kumlilia mumewe.

Kibuyu kililetwa kwenye maabara ya uchunguzi wa vifo mjini Kericho, pamoja na damu ya marehemu na vitu vilivyotolewa tumboni mwake. Mtaalamu mkuu wa sumu hapo alikuwa Daktari Tecla, mama wa makamo mwenye ulimi mkali kama pilipili. Wafanyakazi wake walimwita Mama Rudia, kwa maana hakukiamini kipimo chochote kabla hakijarudiwa. Walimwita hivyo akiwa mbali, bila shaka.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha kibuyu, nacho kilipiga kelele. Mursik ile ilikuwa imejaa dawa ya kupe, ile wanayowaogeshea ng'ombe, kiasi cha kumuua fahali. Inspekta Oyoo, aliyekuwa akiisimamia kesi, alifika maabara mbio mbio.

"Daktari, si sumu umeipata? Nipe ripoti nimpeleke mama huyo kortini Jumatatu. Huko kijijini kunachemka. Vijana wanasema watachoma nyumba yake."

"Nimepata sumu ndani ya kibuyu," Tecla alijibu bila kuinua macho. "Kibuyu hakijafa. Aliyekufa ni mtu."

"Sasa hiyo si ni kitu moja tu?"

"Utakaponiletea maiti ya kibuyu nitakubali kwamba ni kitu kimoja. Ngoja nje."

Inspekta alingoja nje, akitembea huku na huko ukumbini. Tecla alikipima kilichotoka tumboni. Maziwa yalikuwepo, tena na chembe zake nyeusi za makaa ya senetwet, ishara kwamba Kipkurui alikunywa mursik ya mkewe kabla ya kulala. Dawa ya kupe haikuwepo. Akarudia. Haikuwepo. Akapima damu na ini, navyo vikawa safi. Marehemu alikunywa maziwa mazuri, na yaliyobaki kibuyuni yalikuwa na sumu. Basi mtu fulani aliitia sumu hiyo baadaye, wakati Kipkurui hawezi tena kunywa kitu.

Lakini kama si dawa ya kupe, alikufa kutokana na nini? Tecla aliinua kichupa cha damu dirishani. Damu ya maiti huwa imefifia na kuwa nyeusi nyeusi. Hii ilikuwa nyekundu ya kung'aa, kama nyanya iliyoiva. Aliwahi kuiona damu ya namna hiyo. Akaipima, akarudia, na jibu likamfanya aketi chini. Damu ya Kipkurui ilikuwa imejaa gesi ya makaa, ile isiyo na harufu wala rangi, inayomchukua mtu usingizini asijue kama anaondoka.

Kabla ya kumwita Inspekta alichukua simu, akampigia mama yake huko Sigowet.

"Mama, usiku jiko lako la makaa unaliweka wapi?"

"Hapa miguuni pangu, mwanangu, kama siku zote. Baridi hii unaijua."

"Leo lilale nje. Nje kabisa. Na dirisha lisizibwe," Tecla alisema. Alikuwa ameipima gesi hiyo katika damu za watu wengine, na hakuwahi kuuliza nyumbani kwao.

Inspekta aliposomewa majibu alijikuna kichwa. "Daktari, chumbani hakukuwa na jiko. Niliingia mimi mwenyewe. Kitanda, kibuyu, basi. Kortini nitasema nini? Watasema huyo mama alileta jiko, akaondoa, halafu akatia sumu juu yake."

Hilo lilikuwa kweli, na Tecla alilijua. Majibu yake yalionyesha jinsi Kipkurui alivyokufa, lakini hayakumtoa Marcella ndani. Wakaondoka wote wawili kwenda kijijini. Njiani wakapitia kituoni, wakamkuta ameketi sakafuni, kifua cha gauni lake kimelowa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya.

"Marcella," Tecla alimwambia kwa upole usio wa kawaida yake, "usiku ule mumeo alikuwa na jiko chumbani?"

"Hapana, Daktari. Jiko ni moja tu, na nilikuwa nalo kule jikoni kwenye matundu ya moshi, mimi na mtoto. Yeye nilimwachia blanketi na mursik. Ni yeye tu na ile kuku yangu."

"Kuku gani?"

"Iko chini ya kitanda, inalalia mayai. Huko nje baridi ingeua vifaranga." Kisha akaanza kulia. "Daktari, mimi siombi kitu kingine. Waniletee mtoto anyonye tu."

Walipofika nyumbani kwa marehemu walikuta watu wamejaa. Kaburi lilikuwa likichimbwa kando ya majani chai. Nyuma ya nyumba ya jikoni vijana walisimama na mtungi wa mafuta ya taa, wakijifanya wanazungumza mambo mengine. Tecla aliwapita bila salamu, akaingia chumbani. Kwenye dirisha gunia lilikuwa limesokomezwa barabara, hata upepo usipite. Sakafuni, karibu na kichwa cha kitanda, palikuwa na alama nyeusi ya mviringo, saizi ya kitako cha jiko. Akapiga magoti, akachungulia uvunguni. Mayai yalikuwa kwenye kikapu chake, baridi kabisa. Kuku hayupo.

Alitoka nje akasimama mbele ya waombolezaji.

"Kuku aliyekuwa akilalia mayai chini ya kitanda yuko wapi?"

Watu walitazamana. Kijana mmoja mwenye mtungi alicheka. "Daktari ametoka Kericho kutafuta kuku? Hapa tuna maiti!"

"Ndiyo, natafuta kuku," Tecla alimkatiza. "Kuku anayelalia hayaachi mayai yake yapoe. Kama amekufa, amekufa kwa nini? Kuku hanywi mursik. Lakini anavuta hewa ile ile aliyovuta Kipkurui."

Weldon alikuwa ameinamisha kichwa, mikono ameificha ndani ya koti. Mama yao mzazi, bibi kizee aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akiwa amejifunika shuka, alimgeukia polepole.

"Weldon," alisema, "ile kuku ulikuwa unazika kwa majani chai asubuhi hiyo ni ya nani? Uliniambia imekufa na ugonjwa."

"Mama..."

"Nimekuuliza, mwanangu. Ni ya nani?"

Weldon alianguka mbele ya mama yake. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Usiku ule alimkuta kaka yake akitetemeka, naye akamletea jiko lake mwenyewe. "Makaa ilikuwa imeshika vizuri, Mama, hata moshi haikuwa nayo! Nikasema kama haina moshi haina shida. Nikaziba dirisha, nikamwambia lala, kaka." Asubuhi alipofungua mlango kichwa kilimzunguka. Akamwona kuku amelala ubavu juu ya mayai, ndipo alipoelewa kwamba ni lile jiko.

"Na sisi wiki hiyo tuligombana juu ya mpaka wa chai, kila mtu alisikia," alilia. "Nani angeamini sikutaka kumuua?"

"Ukaondoa jiko," alisema Inspekta.

"Nikaondoa."

"Na dawa ya kupe?"

Weldon alijifunika uso kwa koti, na jibu likawa hilo.

Tecla alimtazama, na hasira yake ilichanganyika na huruma. "Jiko ulimpelekea kaka yako kwa mapenzi. Ungepiga kelele asubuhi ile, tungekuja tukalia nawe. Lakini dawa ya kupe uliitia kwenye kibuyu cha shemeji yako ili alaumiwe yeye, ukiwa na akili zako timamu."

Inspekta alimfunga pingu. Mtungi wa mafuta ya taa ulitoweka, na wenye mtungi pia. Kabla ya jioni Marcella aliletwa nyumbani. Bibi kizee alimkabidhi mtoto kwa mikono yake mwenyewe, akamshika bega. Wanawake waliokuwa wakimnong'ona hawakujua waweke wapi macho yao. Mtoto alinyonya kwa pupa, huku mama yake akiyamwaga yale machozi ya kumlilia mumewe aliyonyimwa nafasi ya kuyamwaga tangu asubuhi ile ya kifo.

"Daktari," aliuliza hatimaye, "ni nani alitia sumu kwa kibuyu changu?"

"Weldon."

Marcella aliinua macho. Kwenye kamba ya nguo, nje ya jikoni, shati la bluu la Weldon lilikuwa bado linaning'inia, na vifungo vyake alikuwa amevishona Marcella.

"Huyo ndiye nilikuwa nampikia kila jioni," alisema. "Nguo zake nilifua na hizi mikono zangu."

Tecla alilitazama shati lile likipepea, akamwambia mjane yule lile lililokwisha kusemwa na waliotutangulia: kikulacho ki nguoni mwako.