Mshale Mgongoni mwa Beji

Sogeeni karibu, lakini kila mtu ashike mfuko wake, maana hadithi hii ina watu watatu na hakuna hata mmoja aliyemwamini mwenziwe.

Katika kijiji cha Kwedikole, upande wa Handeni, alikuwepo Kihiyo mwenye masikio. Alikuwa na mashine ya kusakia madini, ile yenye sahani chini na inayolia ikipita juu ya chuma, na kwa mlio tu alijua hapa pana msumari, hapa pana kopo. Alikuwepo Mwajabu mwenye mikono, mkodishaji wa masufuria ya shughuli, ambaye masizi na kutu havijawahi kumshinda. Na alikuwepo Afande Shekiondo mwenye macho. Miaka ishirini alitunza stoo ya jeshi, na hakuna alama ya chombo cha serikali asiyoijua.

Mjue pia kwamba watu wa Kwedikole wamelelewa na habari za mali ya Mjerumani. Wanasema alizika masanduku akikimbia vita, na kila alipozika alichora mshale. Basi mtu mwenye mashine kama ya Kihiyo hapewi hata maji ya kunywa kabla hajasema anatafuta nini. Wengi walikuwa wameshamfukuza mashambani mwao wakimwita mwizi. Neno hilo lilimuuma sana, maana hakuwahi kuiba hata sindano.

Asubuhi moja, kwenye shamba la Bibi Mwanamkuu Sekibaha, aliyemruhusu kwa shingo upande, mashine ililia mlio mgeni. Haukuwa wa bati, haukuwa wa msumari. Kihiyo alichimba mpaka mkono ukazama wote, akatoa kipande cheusi kilichoganda udongo. Mtu mwingine angedhani jiwe akapita. Lakini ukweli usemwe: alikificha siku mbili chini ya gunia la mahindi, akiwaza sanduku.

Siku ya tatu alikipeleka kwa Mwajabu.

"Dada, nisafishie hiki. Usiulize kitu."

"Kisichoulizwa ndicho kibaya," alijibu Mwajabu, lakini alikipokea.

Alikiloweka kwenye ndimu, akakisugua kwa majivu na kitambaa, taratibu, kutwa nzima, asije akafuta kilichoandikwa. Shaba ikang'aa. Mbele zilitokea herufi C mbili na namba. Nyuma palikuwa na mshale mdogo, na chini yake jina lililokwaruzwa kwa msumari: SEKIBAHA. Naye ukweli wake usemwe: kabla ya kumwita Kihiyo alikwangua ukingo kwa tupa, aone kama ni dhahabu.

Kihiyo alipouona mshale, alisahau hata jina, akawaza sanduku tena. Aliuona na ukingo uliokwanguliwa. Walitazamana kama paka wawili na samaki mmoja, kisha wakaenda pamoja kwa Afande, maana hakuna aliyekubali mwenzake aende peke yake.

Afande alikigeuza mara moja tu. "Kifungo cha koti kuukuu hiki. Niachieni, nitakitupa."

"Mbona unakitupia mfukoni, Afande?" aliuliza Kihiyo.

Afande aliona haya, akakitoa. Akakiri kwamba alitaka kukiweka pamoja na nishani zake. "Haya, sikilizeni. Mshale huu si wa Mjerumani. Ni alama ya Mwingereza. Mali yake aliipiga chapa ya mshale, hata sufuria. Na herufi hizi ni za kikosi chake cha wapagazi wa vita, kile ambacho jina lake la Kizungu wazee wetu walilitamka Kariakoo. Hii ni beji ya mpagazi. Hakuna sanduku pale shambani. Kuna mtu."

Walimpelekea Bibi Mwanamkuu, kila mmoja akimchongea mwenziwe kwa aliyoyatenda, naye alipolisoma jina akaangua kilio. Jina lile lilikuwa la babu yake. Miaka yote ukoo uliambiwa kwamba alitoroka upagazini akaoa kwingine, na hakuwekewa matanga.

"Kumbe alikuwa anarudi," alisema. "Alibakiza shamba moja tu afike mlangoni."

Alipotulia akatoa neno lake. "Mwili udongo umeshaula, basi beji hii tutaizika badala yake. Ataishusha kaburini yule aliyenirudishia babu. Na tangu siku hiyo ni mtoto wa nyumba hii, apite mashamba yetu yote bila kuulizwa."

Kihiyo alilitaka neno hilo kuliko dhahabu. Bila hilo angeitwa mwizi mpaka kufa. "Bibi, bila masikio yangu angekuwa bado ardhini."

"Na bila mikono yangu angekuwa kipande cheusi kisicho na jina," alisema Mwajabu.

"Na bila macho yangu," alisema Afande, "hawa wangelifukua shamba lako lote wakimtafuta Mjerumani."

Bibi Mwanamkuu aliwatazama mmoja mmoja. "Vizuri. Na aliyemficha siku mbili ni nani? Aliyemkwangua babu yangu kwa tupa ni nani? Aliyemwita kifungo ni nani?"

Bibi alikifumba kiganja chake, na beji ikiwa ndani.

Kaburi limeshachimbwa na watu wameshakaa. Beji ni moja, na mkono utakaoishusha ni mmoja. Nanyi mnaonisikiliza, mngekuwa Bibi Mwanamkuu, mngemfumbulia nani kiganja hicho? Semeni, lakini msikimbilie. Atakayejibu wa kwanza nitamuuliza ana undugu na nani kati yao.