Kidonda cha Bi Mwiko

Mwanamke anayeona haya mbele ya mkunga hawezi kusaidiwa kujifungua, na ndiyo maana wahenga wakatuachia neno kwamba mficha uchi hazai. Bi Mwiko, mpishi mkuu wa shule ya bweni, aliijua methali hiyo vizuri, tena aliwaambia wengine kila uchao. Kuifuata mwenyewe ndiko kulikomshinda.

Siku moja sufuria la uji lilimponyoka, likamwunguza mguu wa kulia. Alijikaza kisabuni akaendelea kupika, hadi kidonda kikatunga usaha na kunuka. Hapo ndipo alipokwenda hospitali. Muuguzi alikisafisha, akakifunika kwa kitambaa maalumu chenye madini ya fedha.

"Mama, hii fedha inaua vijidudu taratibu. Usifungue mpaka tuonane baada ya siku tatu."

"Nimekusikia, mwanangu."

Alisikia, lakini hakusikiliza. Siku ya pili alichungulia, kama achunguliavyo wali kabla haujaiva, akakuta ngozi ya pembeni imefanya weusi. Roho ikamruka. Naoza! Akachemsha maji, akatia chumvi konzi mbili, akaosha kidonda, kisha akarudisha kitambaa na kufunga bandeji kama ilivyokuwa. Tangu hapo akawa anafanya hivyo kila jioni, maana jikoni kwake chumvi haikuwahi kuharibu kitu.

Wiki mbili zikapita, muuguzi akibadilisha kitambaa kila baada ya siku tatu, lakini kidonda kikagoma kupona. Muuguzi akamwita daktari, naye alipokiona akakunja uso.

"Vijidudu vinakaribia mfupa. Wiki ijayo hali ikiwa hivi, tutaukata mguu."

Daktari alipotoka, muuguzi alimsogelea Bi Mwiko.

"Mama, dawa hii imewaponya wengi. Kuna kitu unatumia nyumbani?"

"Hakuna."

Akachechemea hadi mlangoni. Mkono ukiwa kwenye kitasa, aliutazama ule mguu uliomsimamisha jikoni miaka ishirini, akageuka.

"Nimekudanganya, mwanangu. Nafungua kila siku. Naosha kwa maji ya chumvi."

Muuguzi akajishika kichwa. "Chumvi inaifunga fedha isifanye kazi! Kwa nini lakini?"

"Niliona weusi."

"Ule weusi ni doa tu la fedha yenyewe! Mbona hukuniuliza?"

"Niliona haya. Mtu mzima kukemewa kama mtoto!"

"Mama yangu, mimi sikemei miguu, naitibu."

Wakacheka wote wawili, mmoja kwa machozi. Muuguzi akakisafisha kidonda kwa maji safi yasiyo na chumvi, akaweka kitambaa kipya. Safari hii Bi Mwiko hakukigusa, ingawa vidole vilimwasha.

Wiki iliyofuata daktari alifungua bandeji, akakuta usaha umekauka na nyama mpya inaota. Karatasi ya idhini ya kukata mguu, aliyokuwa ameshaiandaa, akaichana vipande viwili. Bi Mwiko alilia kwa furaha mbele za watu, kisha akatoka kwa miguu yake yote miwili, akiwaambia wagonjwa waliokuwa kwenye foleni:

"Semeni yote jamani, hata ya aibu! Mficha uchi hazai."